Yaya wa Tofi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na leso ya kubebea mtoto.

Mama ndiye aliyeikunja, akaiweka juu kabisa ya kikapu changu ili mwajiri aione kabla hajauliza lolote. Nyapara wa shamba la mkonge, mtu wa kwetu Chawia, alikuwa amepita nyumbani Jumapili akasema nyumba ya Meneja inatafuta yaya. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza. Nilikuwa nimewalea wadogo zangu wote, na kijijini nilijulikana kama msichana ambaye mtoto akimpata hulala. Basi nikateremka mlima, nikaacha ukungu na migomba nyuma yangu, nikaingia katika joto la tambarare. Huko mkonge ulisimama kwa mistari mpaka macho yakachoka kuifuata, na udongo mwekundu ulinipaka miguu kabla sijafika langoni.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru. Mameneja wengi wa mashamba ya Voi walikuwa bado Wazungu, na nyumba zao zilikuwa na milango miwili, wa mbele wao na wa nyuma sisi. Kwenye mlango wa nyuma nilimkuta Mpishi, Mzee Salimu, mtu wa Taveta aliyejifunza kazi Mombasa na kurudi na ulimi wa huko. Alivaa kofia nyeupe isiyopata doa hata akikaanga samaki.

"Ndiwe yaya?" akaniuliza.

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na leso umekuja nayo. Vyema sana." Akaitazama ile leso kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, midomo ikimcheza. "Ngoja basi mwanao aletwe."

Memsaab, mke wa Meneja, akatoka amekumbatia taulo. Nikanyoosha mikono. Ndani ya taulo mlikuwa na pua nyeusi, macho mawili ya usingizi, na manyoya ya rangi ya peremende ya tofi.

"Jina yake Tofi," Memsaab alisema kwa Kiswahili cha mashambani. "Yeye iko mtoto bado. Wewe fundisha yeye kuwa safi ndani ya nyumba."

Nikasimama na kile kijibwa mikononi. Memsaab alipoingia ndani, Mzee Salimu alishika fremu ya mlango asianguke kwa kicheko. "Binti, mwanao ana mkia!"

Nyinyi vijana mnaofuga mbwa kwenye vyumba vya kupanga hamwezi kujua aibu niliyoiona. Kwetu mbwa alikuwa na kazi yake na mahali pake, na mahali pake palikuwa nje. Alilinda mbuzi, akapewa ukoko wa ugali, akalala penye jivu la moto. Mbwa kulala chini ya paa moja na watu kulikuwa ni uzembe, na kuajiriwa kumlea kulikuwa ni mzaha. Nikamwambia Mzee Salimu kwamba kesho yake ningerudi Chawia.

Akaacha kucheka. "Rudi ukitaka. Lakini sikiza kwanza kwa nini umeitwa. Wa kabla ya huyu alilala pale barazani. Asubuhi tukakuta kamba na mkufu wa shingo. Chui wa huku hapendi nyama yoyote kama apendavyo ya mbwa. Sasa Bwana Meneja amesema, huyu akijua usafi atalala ndani. Akichafua nyumba, atalala nje."

"Na akilala nje?"

"Akilala nje ni kitoweo, mwanangu."

Kile kijibwa kilikuwa kimeshika kidole changu kwa meno yasiyouma. Sikurudi Chawia. Kwa hiyo mnaponisikia nikisema kwamba kazi yangu ilikuwa kufundisha mbwa usafi wa nyumba, msidhani ilikuwa kazi ya kulinda mazulia. Katika nchi ya chui, mbwa asiyejua adabu ya ndani hulala nje, na alalaye nje haamki.

Bwana Meneja alikuwa na njia yake, na wengi wakati ule waliifuata. Mbwa akikojoa sakafuni, alimshika shingo, akamsugua pua palepale, akampiga kwa gazeti lililokunjwa. Alinionyesha mwenyewe. Nilimtazama Tofi akitetemeka nikaelewa kuwa hakujifunza kitu kuhusu sakafu. Alichojifunza ni kwamba Bwana Meneja si mtu wa kukojolewa mbele yake. Toka siku hiyo alikwenda nyuma ya kochi.

Nikamwomba Memsaab aniachie nijaribu ya kwetu. Sikuwa na ya kwetu kuhusu mbwa. Nilikuwa na ya kwetu kuhusu watoto.

Kila mama wa rika langu anaijua. Mtoto mchanga huwezi kumwambia neno, lakini unaweza kumjua. Akiamka tu, kabla hajalia, unaketi chini umenyoosha miguu, unamkalisha juu ya nyayo zako, unamshika mikono, unamtolea sauti taratibu kwa meno: sssss. Mara ya kwanza anakutazama tu. Baada ya siku kadhaa mwili wake unaijua ile sauti, na maji yanatoka yenyewe. Ndivyo nilivyolea wadogo zangu, na ndivyo nilivyoamua kumlea Tofi.

Nilimtazama mpaka nikajua saa zake. Kijibwa hakina siri, kina haja tatu tu za kukumbukwa: baada ya kuamka, baada ya kula, baada ya mchezo. Katikati ya hizo kuna dalili. Ataacha anachofanya, atashusha pua, ataanza kuzunguka kama anayetafuta shilingi iliyoanguka. Hapo usimfokee wala usimkimbize, maana mwoga humwaga njiani. Mbebe. Mimi nilimbeba kwa leso ya mama, mgongoni, na wakata mkonge waliokuwa wakipita walisimama kunicheka. Lakini mtoto aliyefungwa mgongoni hujizuia, na Tofi naye alijizuia. Nilimteremsha kila mara mahali pamoja, nyuma ya mti wa mwarobaini, nikasema sssss. Akimaliza nilimsifu kama aliyerudi na cheti cha shule.

Alipokosea ndani sikumfanya kitu. Nilifuta. Na hapo ndipo Mzee Salimu aliponipa elimu yake. Yeye, kwa dini yake, hakugusa mate ya mbwa, na bakuli la Tofi halikuvuka kizingiti cha jiko lake. Lakini aliniita akanipa chupa ya siki.

"Sabuni inaondoa doa, haiondoi harufu," alisema. "Mbwa husoma kwa pua. Ukiacha harufu pale umeacha mwaliko. Pangusa kwa siki na maji, kisha acha pakauke."

"Mzee, wewe mbwa humtaki, na dawa zake unazijua."

"Sikumtaka jikoni, binti. Sikusema nataka aliwe."

Mvua za vuli zilipoanza, Tofi alikuwa anakwenda mlangoni mwenyewe, anakaa, ananitazama. Alilala ndani, miguuni pa kitanda cha Memsaab. Habari zikaenea katika nyumba za shamba na mashamba ya jirani. Wakaanza kuniletea vijibwa vyao, mmoja baada ya mwingine, na jina la Yaya wa Mbwa, lililoanza kama tusi la wakata mkonge, likawa cheo. Wote niliwafundisha kwa njia moja na kwa sauti moja.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka. Sisi wa nyumbani tuliijua kwa chai iliyopungua maziwa. Bwana Meneja akaondoka nchini, na Memsaab, ambaye hangeweza kusafiri na mbwa, akamkabidhi Tofi kwa mtu aliyeheshimika mjini, Stesheni Masta wa Voi. Nami nikahama naye, kama utambi unavyohama na taa.

Stesheni Masta alikuwa mtu wa magharibi, wa upande wa ziwani, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Koti lake lilikuwa na vifungo vya shaba alivyoving'arisha mwenyewe. Nyumba yake ya reli ilikuwa ya mawe, karibu na njia ya treni kiasi kwamba vikombe vilicheza kabatini treni ya mizigo ikipita. Yeye alimtaka mbwa, kwa sababu zamu zilimwondoa nyumbani saa zote na mkewe alibaki na watoto. Mkewe, Mama Atieno, hakumtaka.

"Kwetu mbwa analala nje," aliniambia siku ya kwanza, akinyonyesha mtoto wake wa mwisho.

"Hata kwetu, mama."

"Basi tumeelewana. Alale nje."

"Hapa kuna chui, mama. Mbwa wa forman, msimamizi wa njia ya reli, alichukuliwa mwezi uliopita."

Alilijua hilo. Kila mtu katika nyumba za reli alilijua. Akatazama ukumbi wake: vitambaa vya kushona kwa mkono juu ya kila kiti, na katikati zulia jipya la kijani alilolingoja kwa miaka. Mwishowe akasema, "Wanasema umemfundisha. Sawa. Akae ndani. Lakini akikojolea zulia langu, nitamfungulia mlango mimi mwenyewe, na chui ajue ameletewa."

Nikamwahidi bila wasiwasi. Tofi hakuwa amekosea ndani tangu utoto wake.

Siku ya pili alikojolea zulia.

Nilidhani ni ugeni. Nikapangusa kwa siki. Kesho yake alikojoa tena, adhuhuri, mara tu aliporudi kutoka nje. Kisha penye mlango wa chumba cha watoto. Hakujificha wala hakuonekana mwenye hatia. Alikuwa amelala vizuri tu, ghafla anainuka, anachuchumaa, kisha ananitazama kwa macho yaliyongoja sifa. Hayo macho ndiyo yaliyoniumiza. Nilimbadilishia chakula. Nilimtoa nje mara nyingi zaidi, mpaka watu wa reli wakauliza kama yule mbwa anaumwa au yaya ndiye anayeumwa.

"Mshai," Mama Atieno aliniita kwa jina, na haikuwa kawaida yake, "mbwa huyu ulimfundisha au ulimdanganya?"

 Hasira zake hazikuwa za bure, maana habari nyingine ilikuwa imefika. Inspekta wa Reli, mkubwa wa Stesheni Masta, alikuwa anakuja kukagua stesheni, na angekula chakula cha mchana pale nyumbani, kwenye ukumbi ule, juu ya zulia lile.

"Jumamosi ya Inspekta ndiyo mwisho," Mama Atieno alisema. "Mbwa huyu akiniaibisha mbele ya mgeni yule, jioni hiyo anatoka. Usinililie."

Jibu lilikuja siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, na sikulitafuta. Tulikuwa barazani, Mama Atieno na mimi. Mimi nilikuwa nachambua kunde. Tofi alikuwa amelala kivulini, kichwa juu ya miguu. Mtoto mchanga akaamka, na mama yake akamshika palepale ukingoni mwa baraza, juu ya maua, akamkalisha juu ya nyayo zake na kumtolea ile sauti.

"Sssss," alisema Mama Atieno.

Tofi akainuka, akashuka ngazi, akachuchumaa kando ya mtoto. Wakakojoa pamoja.

Mama Atieno akamtazama mbwa, akanitazama mimi. "Wewe! Ulimfundisha kama mtu?"

"Sikujua njia nyingine, mama."

Akacheka mpaka mtoto akaanza kucheka naye, na mimi nikacheka, maana tulikuwa hatujacheka pamoja tangu nifike. Tulikuwa bado tunapangusa machozi pale treni ya Taveta ilipoingia na kusimama kwenye bomba la maji, ng'ambo ya ua. Injini zile za siku zile zilikuwa za mvuke. Zikisimama, dereva huufungulia mvuke uliozidi, nao hutoka pembeni, karibu na magurudumu, mweupe, mrefu, ukipiga mluzi wa meno.

Sssssssssss.

Tofi, aliyekuwa ndio kwanza amemaliza, akachuchumaa tena akajikamua.

Kunde zikaniponyoka. Huko shambani hakukuwa na reli. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wangu kuitii sauti moja tu duniani, kisha nikamleta kuishi mahali ambapo sauti hiyo inatolewa mchana kutwa na chuma chenye urefu wa nyumba. Masikini Tofi! Hakuwa amekosea hata mara moja. Treni ilimwamuru naye alitii.

Stesheni Masta aliporudi kula, nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, kijiko hewani.

"Dada Mshai, unaniambia niamuru treni zinyamaze?"

"Hapana, Bwana Masta. Sauti iliyoingia utotoni siwezi kuing'oa kabla ya Jumamosi, pengine hata milele. Lakini naweza kutanguliza nyingine mbele yake. Ile kengele yenu."

Kengele ya stesheni ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, kikapigwa kwa nyundo kuwaonya abiria kwamba treni inakaribia. Nilimwomba ipigwe kwa kila treni. Ikilia, nitampeleka Tofi mlangoni, kisha nje, nyuma kwenye rundo la jivu. Mvuke ukija utamkuta ameshafika anapotakiwa.

"Kengele ni kwa treni za abiria," alisema Stesheni Masta. "Kanuni haisemi kengele kwa mizigo."

"Kanuni inakataza?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kanuni kikwelikweli, na watu wa namna hiyo huwezi kuwaharakisha. "Haikatazi," alisema mwishowe.

"Mungu wangu," Mama Atieno alisema, "stesheni nzima itamtumikia mbwa."

Lakini ni yeye aliyeleta sehemu iliyokosekana. Mbwa mkubwa habadiliki kwa sifa tupu, anahitaji ladha. Mama Atieno alikuwa na kopo la omena aliloletewa kutoka kwao, dagaa wadogo wa ziwani waliokaushwa, na hakumpa mtu yeyote Voi nzima. Nilipomwomba kidogo aliniuliza kama nimerukwa na akili. Kesho yake nilikuta konzi moja kwenye kisahani karibu na mlango. 

Ikawa kengele ikilia, mimi na Tofi tunakimbia mlangoni. Anagusa mlango kwa paji la uso, nafungua, tunakwenda kwenye jivu, mvuke unakuja, anakojoa, anapata omena wake. Treni ya Mombasa, treni ya Nairobi, treni ya Taveta, treni za mizigo. Nilikula nimesimama. Mpaka Ijumaa alikuwa anaondoka kabla yangu, kengele ikilia tu. Lakini nilijua lililobaki. Kengele hupigwa kwa treni zinazofika. Injini inayohamisha mabehewa ndani ya stesheni, kazi wanayoiita shanting, haina saa wala kengele. Hiyo sikuwa na namna ya kuitangulia.

Jumamosi Inspekta akaja. Alikuwa mtu mwembamba wa miwani, aliyeongea polepole kama anayesoma. Nje upepo ulikuwa unarusha vumbi jekundu, kwa hiyo milango yote ilikuwa imefungwa. Tofi alikuwa amelala kando ya ukuta, kwenye leso yangu, na kwa muda mrefu yote yalikwenda vizuri. Kuku aliliwa, wali ukaliwa, Inspekta akasifu zulia, na Mama Atieno akainamisha macho kama bibi harusi.

Baada ya chakula niliingia na birika na beseni kuwanawisha. Mikono ya Inspekta ilikuwa chini ya maji, na maneno yake yalikuwa juu ya umuhimu wa kuchunga wakati, pale injini ya shanting iliposimama nyuma ya ua wetu. Hakuna kengele iliyolia. Mvuke ukaachiliwa, mrefu kuliko nilivyowahi kuusikia.

Tofi akaamka.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa, birika huku, beseni huku. Ningemwachia Inspekta maji mapajani kama ningekimbia. Tofi akasimama katikati ya zulia. Akashusha pua. Miguu yake ya nyuma ikaanza kulegea, nami nikaona Stesheni Masta akikaza vidole kwenye magoti. Mvuke ulikuwa bado unaita.

Kisha Tofi akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Akatembea, taratibu, miguu imekakamaa kama mzee mwenye baridi yabisi, akavuka zulia lote la kijani mpaka mlangoni. Akauweka uso wake kwenye mbao na kungoja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na mimi nilikuwa mbali.

Mama Atieno aliinuka. Inspekta alikuwa katikati ya sentensi, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuinuka mkubwa akizungumza. Alivuta komeo, akafungua mlango, vumbi likaingia mpaka kwenye vitambaa vyake vyeupe, na Tofi akatoka mbio.

"Samahani, Bwana Inspekta," alisema Mama Atieno, mkono bado mlangoni. "Mtoto alitaka kwenda nje."

Inspekta akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Watoto wangu mimi," alisema, "hawakuomba ruhusa namna hiyo mpaka walipoanza shule." Kisha akaendelea na sentensi yake palepale alipoiachia.

Jioni hiyo Mama Atieno alifungua mlango tena, kama alivyokuwa ameapa. Akasimama kizingitini akaita nje, "Tofi! Ingia ndani, giza linaingia." Mbwa alipopita, aliangushiwa omena watatu.

Toka hapo kazi yangu ilisambaa. Nilihudumia nyumba za reli, nikachukuliwa na Meneja wa hoteli moja ya watalii kandokando ya mbuga, nikaitwa mpaka Mghange kwa mwalimu mkuu aliyenunua mbwa kabla ya kumwuliza mkewe. Sauti ya sssss niliiacha. Niliwafundisha wote kwa kidoko cha ulimi, sauti ambayo sijaona mashine ikiipiga. Na sikuanza kazi popote kabla ya kukaa katika nyumba hiyo siku nzima bila kufanya lolote, nikisikiliza. Sista Mkuu wa masista wa Bura aliniuliza kama nimekuja kufundisha mbwa au kupumzika. Nikamwambia, "Sista, nataka kujua kwanza nyumba hii inasema nini." Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwangu, nyinyi mnaoanza kazi hii kwa vitabu na simu, chukueni hicho. Mbwa anafundishwa na nyumba nzima: milango, kengele, birika, jirani. Wewe ni sauti moja tu kati ya hizo.

Injini za mvuke zilikuja kuondolewa, zikaja za dizeli, zinazonguruma na kuondoka. Tofi alikuwa ameshazeeka. Nilikuwa narudi kumtazama kila nilipopata nafasi, kwa kuwa Stesheni Masta alikuwa bado Voi akingoja kustaafu. Siku moja nilimkuta amekuwa kiziwi na miguu haimbebi, na mwili wake ulikuwa umesahau kila nilichoufundisha. Alipolala palilowa. Nilipoingia ukumbini niliogopa kutazama sakafu.

Zulia la kijani halikuwepo. Lilikuwa limeviringishwa, limefungwa kamba, limesimamishwa kwenye kona nyuma ya kabati. Kwenye saruji tupu, mahali pa jua la asubuhi, alikuwa amelala Tofi juu ya gunia safi, na kando yake pamewekwa chupa ya siki.

"Usiniangalie hivyo," alisema Mama Atieno. "Zulia litatandikwa tena. Lina haraka gani?"

Tofi alikufa ndani ya nyumba, kwa uzee tu, katika nchi ambayo mbwa wachache hufa hivyo. Nilimzika kwenye ile leso ya mama.

Sasa nimerudi Chawia, kwenye ukungu wangu. Magoti yameniacha, na usiku umekuwa mrefu kwa mwili wangu. Naishi na mjukuu wangu wa kike, msichana mwenye haraka kwa kila jambo isipokuwa mimi. Asubuhi, kabla sijasema neno, huwa ameshasimama kando ya kitanda. Hajawahi kufundishwa kazi hii, wala sijawahi kumsimulia.

"Nyanya, umeamka. Twende nje kwanza, ndipo unywe chai."

Nikishamaliza chai anakuja tena, na nikishamaliza kuota jua na kupiga soga na majirani anakuja tena. Hanifokei wala hanikimbizi. Hunipa mkono, nami humpa wangu, tunakwenda polepole mpaka mlangoni, na mlango anaufungua yeye.